Mwongozo wa Mdaiwa Mpya, Toleo la Madaba



Kama umezaliwa jana, bado umeviringishwa khanga ya bibi na hujapata hata cheti cha kuzaliwa, usiharakishe kulia. Soma kwanza. Mwishoni mwa Juni 2024, kwa hesabu za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, Serikali ya Tanzania ilikuwa inadaiwa shilingi trilioni 97.35. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 61,741,120. Ukigawa sawasawa, kila mmoja, kuanzia wewe mwenye siku moja hadi babu wa Mahanje aliyeketi na ulanzi wake, anabeba zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Tuiweke katika lugha ya kwetu: ukibahatika kupata shilingi 700 kwa kilo ya mahindi, fungu lako ni magunia ishirini na mawili na debe tatu juu. Hapo ni gunia halali la kilo mia. Mnunuzi akija na lumbesa, ongeza mwenyewe.

Mwongozo huu haukufundishi kulipa. Kulipa utalipa tu, hata usipojua. Umeanza kulipa tangu mama alipokununulia sabuni, maana bei ya vitu vingi dukani huongezewa asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani. Katika mwaka wa fedha 2023/24, karibu robo ya bajeti nzima ilipangwa kwenda kuhudumia deni. Kazi ya mwongozo huu ni ndogo kuliko hiyo: kukuwezesha kumtambua mkopeshaji ukikutana naye njiani, na kukuepusha na aibu ya kuuliza maswali mbele za watu kabla hujajua ni yapi.

Kwanza, soma mabango

Mkopeshaji wa kimataifa hapendi makuu. Haji Madaba, kwetu Ruvuma, na msafara. Husimika bango lenye bendera, akaondoka. Barabara ya lami inayopita hapa, ile ya Makambako hadi Songea, karibu kilomita 300, ilijengwa miaka ya 1980 kwa fedha za Uingereza. Umeme wa gridi ulifika 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, ukajengewa kituo cha kupoza hapa hapa Madaba, na mfadhili mkubwa alikuwa Sweden. Ukivuka Songea kuelekea Namtumbo, lami ile ni ya Wamarekani, kwa mkataba wao wa 2008 na Tanzania.

Hapa mdaiwa mgeni huchanganyikiwa, kwa sababu bango la msaada na bango la mkopo hufanana kama mapacha. Msaada hulipi, ingawa mara nyingi mkandarasi hutoka kwa aliyetoa. Mkopo nafuu hulipwa na wajukuu: ule wa zamani wa Benki ya Dunia ulikuwa wa miaka 40, kumi ya kwanza hugusi deni lenyewe, na ada yake haifiki hata asilimia moja kwa mwaka. Mkopo wa kibiashara unaulipa wewe, mapema, kwa riba ya sokoni, na sokoni hakuna shangazi. Julai 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba Tanzania imepanda na kuingia kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Tulipiga makofi. Wakopeshaji nao walipiga makofi, maana anayepanda daraja huanza kusogezwa mbali na mikopo ya huruma.

Usije ukadhani mwongozo huu unachukia mikopo. Majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakinguruma Songea yalizimwa gridi ilipofika, na fundi wa kuchomelea wa Madaba hana haja ya kuhubiriwa ubaya wa fedha za nje wakati mashine yake inawaka. Mwaka 2021 tulikopa dola milioni 567 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya Uviko, na humo yakatoka madarasa 15,000 nchi nzima. Mtoto aliyekuwa akisomea chini ya mwembe sasa ana paa. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwingine, na tutaufikia.

Nani alitia saini?

Swali zuri. Siyo wewe.

Mamlaka ya kukopa kwa niaba ya nchi yako mikononi mwa Waziri wa Fedha, kwa Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya mwaka 1974. Bunge hupitisha bajeti na kujua kiasi kinachotazamiwa kukopwa mwaka huo. Mkataba wa mkopo mmoja mmoja, pamoja na masharti yake, hauhitaji kwanza kupita mbele ya mbunge wako wala diwani wako.

Akina mama wa kikoba wanaokutana Lituta wangekushangaa. Kwao mkopaji husimama, hutaja kiasi, husema ni cha kufanyia nini, huleta wadhamini, na kila mwanachama ana ruhusa ya kumwuliza kama lile duka la mwaka jana lilifunguliwa au liliishia harusini. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Shilingi laki mbili huhojiwa nusu saa. Dola milioni mia sita, kama utakavyoona, zinaweza kupita kimya kimya, na mtu akachukua chake mlangoni.

Masharti huja kwa lori la mbolea

Sehemu hii ni ndefu kwa sababu Madaba iliishi ndani yake.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 Serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Gunia la Ruvuma lililipwa sawa na gunia la karibu na Dar es Salaam, na gharama ya kulibeba umbali wote huo ikawa ya Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Mbolea nayo ilikuwa na ruzuku kubwa. Mikoa ya mbali ya kusini, Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, ikageuka ghala la taifa. Mkulima aliyewahi kutegemea tumbaku tu kwa fedha taslimu akagundua kwamba mahindi, chakula chake mwenyewe, yana bei.

Ulikuwa mpango wa gharama. NMC ilizama katika madeni ya benki hadi pua, na anayesema leo kwamba mambo yalikuwa shwari hakuwahi kukaa mwezi mzima akisubiri lori la shirika lije kuchukua magunia yanayoliwa na panya. Lakini mpango ule ulikuwa na wazo ndani yake: kwamba aliyezaliwa mbali na bandari asiadhibiwe kwa umbali.

Wakati huohuo mafuta yaliyokuwa yamepanda bei 1973 yakapanda tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikala akiba. Nchi ikaishiwa fedha za kigeni. Shirika la Fedha la Kimataifa lilipoleta masharti yake, Mwalimu Nyerere aliyakataa, na mapema 1980 akawauliza mabalozi waliokuwa mbele yake ni lini shirika hilo lilifanywa kuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima. Miaka michache baadaye aliuliza swali jingine, kali zaidi, kama ni lazima tuwaache watoto wetu wafe njaa ili tulipe madeni. Maswali yote mawili yalikuwa mazuri. Hayakujibiwa. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, mkataba ukatiwa saini.

Mdaiwa mpya angetazamia kwamba masharti yatafika kwa barua. Yalifika kwa namna nyingine. Shilingi ilishushwa thamani, kwa hiyo kila kilichotoka nje kikapanda. Bei moja ya mahindi ikafa polepole, soko likaachiwa wafanyabiashara binafsi, na mfanyabiashara binafsi, ambaye ana akili zake, akaanza kukata nauli ya lori katika bei ya gunia. Ruzuku ya mbolea ilipunguzwa mwaka hadi mwaka tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na kufikia katikati ya muongo huo ilikuwa imekwisha. Mkulima wa Madaba akawa ananunua mbolea kwa bei iliyosafiri kutoka bandarini hadi kwake, na kuuza mahindi kwa bei iliyokwisha kukatwa safari ya kurudi. Umbali uleule ulimkata mara mbili. Mwaka 1993 hospitali za Serikali zikaanza kutoza ada, na wazazi walikuwa tayari wanalipa shule.

Hakuna aliyekuja kupiga mtu. Hakuna aliyefungwa. Ndiyo maana kesi ya haki za binadamu hapa ni ngumu kuishika: mtoto aliyeacha darasa la tano kwa ajili ya ada, na mjamzito aliyeamua kujifungulia nyumbani kwa sababu ya gharama, hawakuonewa na askari yeyote. Walikutana na sentensi iliyoandikwa Washington na kutiwa saini Dar es Salaam.

Halafu ilikuja misamaha. Novemba 2001 Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, ikaahidiwa nafuu ya takriban dola bilioni 3 kwa miaka iliyofuata. Mwaka huohuo ada ya shule za msingi ilifutwa, ukaja MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na wanafunzi wakaongezeka kutoka chini ya milioni tano hadi zaidi ya milioni saba kufikia 2005. Somo hilo ni la kushika: deni likilegezwa, watoto hurudi darasani, na haihitaji miaka hamsini kuonekana.

Ila hata msamaha una masharti. Mojawapo lilikuwa kumpa mwekezaji maji ya Dar es Salaam. Kampuni ya City Water ilianza kazi 2003, Serikali ikauvunja mkataba Mei 2005 kwa kushindwa kazi, na mashauri yakaenda ng'ambo.

Mbolea yenyewe? Ruzuku ilirudi. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha dola milioni 160 kwa mradi uliobeba vocha za pembejeo. Kwa hiyo, ndugu mdaiwa, tulikopa tukaambiwa tuondoe ruzuku, kisha tukakopa ili tuirudishe. Vocha zikaisha nazo, mawakala wa pembejeo wakabaki wanaidai Serikali, na mwaka 2022 ruzuku ikarudi kwa sura mpya, urea shilingi 70,000 kwa mfuko, namba ya siri kwenye simu. Ukitaka kujua historia ya deni la taifa bila kusoma kitabu, mwombe mkulima mwenye miaka sabini akutajie bei za mbolea tangu aoe.

Onyo: usijitegemee kupita kiasi

Azimio la Arusha la 1967 lilionya kwamba kutegemea fedha za wengine ni kuhatarisha uhuru. Wakulima wa Ruvuma walikuwa wamekwisha kuanza bila kungoja Azimio. Vijiji kadhaa, Litowa kikiwa cha kwanza na Matetereka kikiwamo, vilijiunga katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, vikalima pamoja, vikaamua wenyewe, vikawa na kinu chao cha kusaga. Nyerere aliwapenda. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Wakubwa hawakupenda wakulima wasiongoja maelekezo.

Sina hakika kama kuna mkopeshaji yeyote aliyewahi kututia hasara kubwa kuliko siku ile.

Jinsi deni linavyoibiwa

Wengi hudhani kinachoibiwa ni fedha. Watu wenye elimu huiba deni.

Chukua akaunti ya EPA ya Benki Kuu. Ilitunza malimbikizo ya zamani, ya wakati ule wa uhaba wa fedha za kigeni, ambapo wafanyabiashara wa nje waliuza bidhaa na hawakulipwa. Katika mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zilijitokeza zikidai zimeyanunua madeni hayo kwa wenyewe, zikalipwa shilingi bilioni 133, sehemu kubwa kwa nyaraka za kughushi. Januari 2008 Rais Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana. Tafakari ufundi huo: deni letu la miaka ya njaa ya sabuni lilichongewa mdai mpya, na mdai huyo akalipwa kwa haraka ambayo mwalimu mstaafu hajawahi kuiona.

Au rada. Desemba 2001, mwezi mmoja tu baada ya ule msamaha, Serikali ya Uingereza ilitoa kibali cha kutuuzia rada ya BAE Systems ya pauni milioni 28, kwa mkopo wa benki ya Barclays. Waziri wao wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, alipinga. Benki ya Dunia ilisema ni ghali kupita mahitaji yetu. Ikauzwa. Miaka tisa baadaye kampuni ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za malipo, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa Watanzania, zikanunua vitabu na madawati. Watu wakaziita chenji ya rada. Ni nchi chache duniani ambazo mtoto wake amekalia dawati lililotokana na kesi.

Mfano wa tatu usome polepole. Kati ya 2012 na 2013 Serikali ilikopa dola milioni 600 kupitia Standard Bank na tawi lake la Stanbic Tanzania. Ada ya kutafuta fedha hizo ilikuwa asilimia 1.4. Ikapanda hadi 2.4. Asilimia ile moja ya nyongeza, yaani dola milioni 6, ilikwenda kwa kampuni ndogo ya hapa nchini iitwayo EGMA, ambayo mwenyekiti wake wakati huo alikuwa bosi wa mamlaka ya mapato. Fedha zikatolewa benki taslimu. Novemba 2015 Standard Bank ilikubaliana na waendesha mashtaka wa Uingereza kulipa dola milioni 25.2 kwao, na kutulipa sisi dola milioni 7, ule udalali pamoja na riba yake. Ukipiga hesabu, Hazina ya Uingereza, nchi iliyosikiliza kesi, ilipata zaidi ya mara tatu ya aliyeibiwa. Udalali ulirudi. Zile milioni 600 tuliendelea kuzilipa kama kawaida, kwa tarehe.

Maneno ya kuepuka

Mnada. Liepuke neno hili hata ukiwa unauza ng'ombe. Mwishoni mwa Desemba 2021 aliyekuwa Spika wa Bunge, Job Ndugai, alisema kwamba kwa kukopa huku iko siku nchi itapigwa mnada. Aliomba radhi. Tarehe 6 Januari 2022 alikuwa amejiuzulu. Huyo alikuwa Spika. Wewe una pikipiki ya mkopo.

Tozo. Hili unaweza kulitamka, kwa sauti ya chini. Julai 2021 kila aliyetuma au kutoa fedha kwa simu alianza kukatwa kati ya shilingi 10 na 10,000. Mama aliyetumiwa hela ya dawa na kijana wake aliyeko Makambako alikatwa, na kijana naye akakatwa. Kelele zikawa nyingi, tozo ikapunguzwa mara kadhaa. Kumbuka hili kama ushahidi kwamba kelele hufanya kazi.

Majirani wa Kenya walipiga kubwa zaidi. Juni 2024, wakiwa wamebanwa na madeni, waliletewa muswada wa fedha wenye kodi mpya. Vijana wakaingia barabarani, tarehe 25 wakaingia hadi bungeni, na siku iliyofuata Rais Ruto akakataa kuutia saini. Makumi ya vijana hao waliuawa. Mwongozo huu hauwezi kuliandikia hilo utani.

Kuhusu majirani wa Zambia, sentensi mbili zinatosha. Mwaka 1979 walinunua matrekta ya Romania kwa mkopo, wakashindwa kulipa, na 1999 kampuni moja ikainunua karatasi ya deni hilo kwa dola milioni 3 na ushei, ikadai milioni 55, na mahakama ya London mwaka 2007 ikaipa kama milioni 15.5. Matrekta yenyewe sijui kama yaliwahi kulima ekari inayolingana.

Haki zako, na mahali pa kuzitumia

Zipo. Julai 2012 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kanuni za mwongozo kuhusu madeni ya nje na haki za binadamu: kwamba ulipaji usiifanye nchi ishindwe kuwapa watu wake chakula, afya na elimu, na kwamba mkopeshaji naye ana wajibu. Mwaka 2021 kazi ya mtaalamu huru wa kufuatilia jambo hilo alipewa Attiya Waris, mwanasheria Mkenya wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kanuni ni nzuri. Mkopeshaji asipozifuata, hapelekwi popote.

Basi rudi nyumbani, fungua Katiba ya 1977. Ibara ya 11 inataja elimu na msaada kwa mgonjwa na mzee. Usikimbilie mahakamani nayo: ibara ya 7 inasema mambo ya sehemu hiyo hayana nguvu ya kisheria ya kumlazimisha yeyote mahakamani. Endelea mbele hadi ibara ya 18. Hapo umepewa haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu masuala muhimu kwa maisha ya wananchi na kwa jamii, na hiyo haimo katika sehemu iliyofungwa. Ikaongezewa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016.

Kwa hiyo katika mali yote uliyorithi, pamoja na magunia yako ishirini na mawili na debe tatu, kitu pekee chenye meno ni swali. Litumie. Mkutano mkuu wa kijiji una kikao kila robo mwaka, na ajenda ya mapato na matumizi husomwa haraka haraka jua likiwa kali. Nyoosha mkono kabla haijafungwa. Usimhoji mwenyekiti kuhusu trilioni 97, hazijui. Anza na darasa moja, kisima kimoja, kilomita moja ya barabara: fedha yake ni msaada au mkopo, wa nani, kwa riba gani, unaisha lini, na mkataba wake unasomwa wapi. Wakikujibu kwamba hayo ni ya Dodoma, omba jibu hilo kwa maandishi, kisha mpe mbunge wako. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu huwasilishwa bungeni kila Aprili. Ipakue, mwombe mwalimu wa hesabu aisome kwa sauti siku ya gulio. Na ukiona wengine wananyamaza, nyoosha mkono tena.